Jedwali langu lilidanganya: mashua ya zamani, boti mpya na ugonjwa wetu wa kupima kasi

Leo siandiki kuhusu programu, ingawa mtaona tutaishia huko huko. Naandika kuhusu vyombo vya matanga, na naandika nikiwa na hasira. Nimejikasirikia mwenyewe kwanza, kisha nimewakasirikia wenzangu wote tunaotumia neno "ya kisasa" kana kwamba ni hoja.

Kisa ni hiki. Mjomba wangu yuko Lamu. Ana mashua ya mita 8 iliyoundwa Matondoni kabla mimi sijazaliwa. Mashua hiyo imevua samaki, imebeba mchanga, imebeba maharusi na wagonjwa, na sehemu ya karo yangu ya chuo kikuu ilitoka humo. Mwezi uliopita binamu yangu alitoa wazo: iuzwe, na pesa zake pamoja na mkopo zinunue boti ya faibaglasi iliyotumika, ya mashindano, yenye urefu karibu huo huo. Atabebea watalii siku za kazi na kushindana siku za mashindano. Akatuma picha kwenye kikundi cha familia. Boti inapendeza, sitasema uongo. Nyeupe, nyembamba, mlingoti mrefu wa alumini, na chini yake mkuku mwembamba unaoning'inia kama pezi la papa, wenye risasi nzito kwenye ncha.

Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa familia, nikaombwa nilinganishe. Nina miaka 28, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, kazi yangu ni kuandika programu, na wikendi nyingine huendesha Laser katika klabu moja ya Mombasa. Nikajiona mimi ndiye hasa. Nikafungua jedwali, nikaweka safu saba: kasi ya juu kabisa, uwezo wa kwenda joshi, muda wa kubisha, uzito, idadi ya mabaharia wanaohitajika, kazi ya matengenezo kwa mwaka, na bei. Boti mpya ilishinda safu sita. Mashua ilishinda bei tu. Nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi Mjomba akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya kazi na hali ya joto Mombasa. Kisha akasema, kwa upole ule unaouma kuliko matusi: "Mwanangu, nimesomewa karatasi yako. Ni nzuri. Lakini nambia, yeo nikitoka na boti hiyo kwenda Kiwayu na watu sita, mayi ya kunwa nitatia wapi? Na mayi yakipwa tukiwa Mkanda, itasimama na nini?"

Sikuwa na jibu. Katika safu zangu saba hakukuwa na hata moja iliyouliza chombo kinakwenda wapi wala kimebeba nini. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kazi yenyewe.

Haki itendeke kwanza

Sitaki mtu aniambie naabudu mambo ya kale. Boti mpya ina mambo yake, na mengi ni ya kweli kabisa.

Chukua tanga. Tanga letu la pembetatu limetundikwa kwenye foromali, na foromali inaning'inia mlingotini. Ukitaka kugeuza upande, huwezi kubisha kwa kukata upepo kwa omo kama boti za Ulaya. Kwa kawaida unageuka kwa kuupitisha upepo nyuma, foromali inasimamishwa wima, inazungushwa mbele ya mlingoti, na kamba zinahamishwa upande wa pili. Watu wanapiga kelele, na kila mgeuko mmoja unakula mita nyingi ulizozipata kwa taabu. Kwenye Laser nasukuma usukani, nainamisha kichwa, nakaa upande wa pili. Sekunde chache tu. Na boti ya mashindano ya leo inaweza kwenda digrii 45 hivi kutoka upepo unakotoka, au karibu zaidi, pembe ambayo mashua ya mizigo haiioni hata ndotoni.

Chukua umbo. Chombo kizito kinachosukuma maji hufungwa na wimbi lake chenyewe. Kanuni inayotumika na waundaji ni rahisi: chukua urefu wa chombo pale kinapokutana na maji, kwa futi, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Jibu ni kasi yake ya juu ya kawaida kwa maili za bahari kwa saa. Chombo chenye futi 25 majini kinapata maili 6.7. Weka tanga kubwa upendavyo, hakitazidi hapo sana, kitajichimbia shimo tu. Laser ina futi 12.5 majini, kwa hiyo kwa kanuni hiyo isingepita maili 4.7. Lakini ina kilo 59 tu na chini ni bapa, basi upepo ukikaza hunyanyuka na kuteleza juu ya maji, na maili 15 kwa saa si hadithi. Iliundwa na Bruce Kirby, ikaanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, imo katika Olimpiki tangu 1996, na zaidi ya 200,000 zimetengenezwa. Sina ugomvi nayo. Naipenda.

Na usalama pia. Laser ikipinduka, inaelea, kwa sababu ndani imefungwa hewa. Mtu mmoja anakanyaga ubao wa chini, inasimama, safari inaendelea. Mashua iliyojaa farumi ya mawe au mifuko ya mchanga ikiingia maji mengi, inakwenda chini pamoja na farumi yake. Wanaoimba sifa za mbao waliandike hilo kwanza kabla ya kuandika mashairi.

Basi kama mimi mwenyewe nakubali yote hayo, ugomvi uko wapi?

Kanuni ndiyo inayounda boti

Ugomvi uko hapa: boti ya mashindano haikuundwa na bahari. Imeundwa na kitabu cha kanuni.

Wasiojua mashindano ya matanga wanadhani wa kwanza kufika ndiye mshindi. Pengine ndivyo, boti zikiwa za aina moja kama Laser. Lakini boti za aina tofauti zikishindana pamoja, kila moja hupewa namba ya kusawazisha. Kule Uingereza kwa boti ndogo wanatumia namba za Portsmouth: unachukua muda uliotumia, unazidisha kwa 1000, unagawanya kwa namba ya boti yako. Laser ina namba ya karibu 1100. Mirror, boti ndogo ya plaiwudi ya mwaka 1963, ina namba ya karibu 1390. Kwa hiyo Laser ikimaliza kwa dakika 60, Mirror ina dakika 75 na zaidi za kumaliza na bado ikashinda. Niliwahi kuandika programu ya kukokotoa matokeo haya pale klabuni. Mistari 40 ya msimbo, na ugomvi wa miezi miwili.

Namba za Portsmouth hutokana na matokeo ya mashindano yaliyopita, hivyo ni vigumu kuzihadaa. Lakini boti kubwa kidogo za kwenda bahari kuu, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilisawazishwa kwa kanuni iliyoitwa IOR. Hii ilipima boti yenyewe: urefu hapa, upana pale, kina kwenye pointi fulani, na hata jinsi boti inavyokataa kuinama. Kila kipimo kiliingia kwenye hesabu na kutoa daraja moja. Nyinyi mlio kwenye kazi yangu mnajua kilichofuata. Waundaji wakaacha kuunda boti, wakaanza kuunda vipimo. Pale fundi anapoweka rula, wakatia nundu. Shetri ikabanwa ikawa nyembamba kama mkia, kwa sababu kanuni ilihesabu hivyo. Na kwa kuwa boti isiyokataa sana kuinama ilipata unafuu katika hesabu, zikaundwa boti pana na nyepesi ambazo husimama wima kwa sababu mabaharia wanane wamekaa pembeni.

Agosti 1979 hesabu hiyo ikadaiwa. Mashindano ya Fastnet wakati huo yalianzia kusini mwa Uingereza, yakizunguka mwamba wa Fastnet kusini mwa Ireland na kurudi. Mwaka huo boti 303 ziliondoka. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 dhoruba ikazikuta baharini. Zilizomaliza ni 85. Boti 24 ziliachwa na watu wake, tano zikazama, na wanamaji 15 waliokuwa wakishindana wakafa.

Uchunguzi uliotolewa Desemba ya mwaka huo ulionyesha kwamba karibu nusu ya boti zililazwa na mawimbi hadi mlingoti kugusa maji, na theluthi hivi zikapita hapo. Wachunguzi wakalinganisha boti mbili. Moja ni Grimalkin, boti ya mashindano ya wakati wake, iliyopinduliwa usiku ule na kupoteza watu wawili. Hesabu ilionyesha kwamba ikiinamishwa kupita digrii 117 hivi, haitaki tena kurudi. Inaridhika kukaa kichwa chini. Nyingine ni Contessa 32, boti ya familia iliyochorwa na David Sadler na kuanza kuundwa 1971: nyembamba, nzito, karibu nusu ya uzito wake wote ukiwa kwenye mkuku. Hiyo huendelea kutaka kusimama hata ikipita digrii 150. Na katika daraja la boti ndogo kabisa la mashindano yale, iliyomaliza ilikuwa moja tu, inaitwa Assent. Ni Contessa 32.

Msiniwekee maneno mdomoni. Sisemi dhoruba ile ilisababishwa na kanuni. Wimbi kubwa linalovunjika likikupata ubavuni, linapindua chombo chochote kidogo, kizito au chepesi. Ninachosema ni kwamba kurudi baada ya kupinduka ni sifa ya chombo, sifa hiyo ilikuwa inahesabika kwa karatasi na kalamu, na hakuna aliyeihesabu kwa sababu haikuwa na safu kwenye jedwali. Baadaye ndipo viwango vikaja. Leo kuna kiwango cha ISO 12217, na boti ndogo inayouzwa Ulaya huwekwa daraja A hadi D kwa uthabiti wake. Ilibidi watu wafe kwanza ili safu iongezwe.

Na tazameni jambo jingine: Contessa 32 ni ya faibaglasi. Si mbao, si ya karne iliyopita ya mababu. Mwaka 1979 ilikuwa na umri wa miaka minane tu. "Ya zamani" yake ilikuwa katika swali lililoulizwa na mchoraji, si katika malighafi wala katika kalenda.

Ugonjwa wetu

Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, aliandika mwaka 1975 kuhusu vipimo vya fedha, na kiini chake ni hiki: ukianza kutumia kipimo kutawala watu, watu watajifunza kukipendeza, na kipimo hakitakuambia tena kitu. Sisi watengenezaji programu tungeitundika kanuni hiyo mlangoni. Simu zimewahi kunaswa zikitambua programu ya kupima kasi na kuongeza mbio za prosesa kwa dakika zile tu. Ni nundu ile ile ya IOR, imehamia mfukoni.

Nami nimefanya hivyo kazini. Niliwahi kubadilisha mfumo wa zamani wa malipo wa duka moja kwa sababu ulikuwa "umepitwa na wakati". Mfumo wangu ulikuwa mwepesi mara tatu kwenye vipimo. Wiki ya kwanza umeme ukapotea, ukarudi, ukapotea, na mfumo wangu ukapoteza mauzo ya nusu siku. Ule wa zamani uliandika kila stakabadhi kwenye diski kabla ya kufanya jingine lolote. Ndiyo maana ulikuwa mzito! Uzito ule ulikuwa kazi, nami nikaudhani uzembe. Mwenye duka hakunitukana. Alinipa daftari la karatasi na kalamu.

Mkuku mrefu wa mashua ni hivyo hivyo. Mbao nene ni hivyo hivyo. Kabla hujaita kitu uzito wa bure, uliza kinabeba nini.

Kusafiri si kushindana

Sasa turudi kwenye maswali ya Mjomba, kwa sababu yale maswali mawili ndiyo somo zima.

La kwanza: maji ya kunywa. Mtu mmoja anataka lita tatu kwa siku kwa uchache, akiwa juani zaidi. Watu sita na nahodha, siku nne kwenda na kurudi na akiba ya siku mbili kama upepo ukikatika, ni zaidi ya lita 120. Ongeza chakula, makaa, nanga, kamba, godoro na mizigo ya wageni. Mashua inazama vidole viwili, inatulia, inaendelea. Boti nyepesi ya mashindano ikibebeshwa mzigo huo inaacha kuteleza, na ikiacha kuteleza inafungwa na kanuni ile ile ya 1.34. Yaani unalipia kasi, halafu unaizamisha kwa mitungi ya maji. Ukiitaka kasi yako, waache wageni nyumbani.

La pili: Mkanda. Wanaotoka Lamu kwenda Pate na Faza hupita mfereji wa Mkanda, kati ya mikoko, maji yakiwa yamejaa. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukichelewa, unapwelewa. Mashua ikipwelewa inaegemea ubavu, watu wanashuka, wanakoka moto, wanasubiri. Boti yenye pezi inataka maji ya mita 1.5 ili ielee. Ikikwama, uzito wote unakaa juu ya kijipezi kimoja au inaanguka ubavu juu ya faibaglasi nyembamba. Na fundi wa kuitengeneza yuko wapi? Mashua ikipasuka ubao, Matondoni kuna fundi, kuna ubao, kuna pamba ya kalafati. Mlingoti wa alumini ukivunjika, fundi wake yuko ng'ambo na malipo yake ni kwa dola.

Mnadhani ni mambo ya Lamu tu? Mwaka 1968 watu tisa waliondoka kwa nyakati tofauti kuzunguka dunia peke yao bila kutua, katika mashindano ya kwanza ya aina hiyo. Aliyemaliza ni mmoja, Robin Knox-Johnston, tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Chombo chake, Suhaili, kilikuwa na urefu wa mita 9.8, kimeundwa Bombay kwa mbao za msaji, kizito, kwa mchoro uliokuwa wa zamani hata siku ile. Wastani wake ulikuwa maili 4 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Jina lenyewe ni la upepo, walivyouita mabaharia Waarabu wa Ghuba. Yaani chombo kilichotoka Bahari ya Hindi, chenye jina la Bahari ya Hindi. Nigel Tetley, aliyekuwa kwenye chombo chepesi cha plaiwudi chenye mbavu tatu, alikuwa mwepesi zaidi. Kilivunjika na kuzama Mei 1969, akiwa karibu na Azores, karibu afike nyumbani.

Lakini nisiwe muongo kama jedwali langu. Mwaka 2018 mashindano hayo yalirudiwa kwa boti za michoro ya zamani tu, na waliomaliza ni watano. Milingoti ilivunjika, watu wakaokolewa. Mwaka 2022 yakarudiwa tena, na Novemba ya mwaka huo boti moja ya mkuku mrefu ilizama katika Bahari ya Hindi ya kusini. Aliyekwenda kumwokoa baharia wake ni Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe alikuwa mshindani, kisha Aprili 2023 akashinda yote. Uzee wa mchoro haukuzuia chombo kuzama. Bahari haisomi vyeti.

Na wepesi wapo. Vendée Globe ya 2024 ilishindwa na Charlie Dalin wa Ufaransa, Januari 2025, kwa siku 64 na saa 19. Ni ajabu. Lakini hizo ni boti za mita 18, zenye mabawa ya kuzinyanyua juu ya maji, na nyuma ya baharia mmoja kuna kundi la wahandisi na mdhamini. Mjomba ana fundi mmoja na mimi.

Zamani nayo ina matoleo

Kosa jingine la wapenda upya, na la wapenda ukale pia, ni kudhani mashua ni kitu kilichogandishwa kwenye jumba la makumbusho. Hapana. Kabla ya mashua za misumari kulikuwa na mtepe, chombo cha visiwa hivi vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za nazi, chenye tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20. Baadaye, Uingereza, watu wakaanza kuuziwa ile Mirror niliyoitaja: vipande vya plaiwudi unavyovishona kwa waya wa shaba kisha unapaka gundi. Gazeti likaitangaza kama jambo jipya kabisa, na zaidi ya 70,000 zikaundwa. Kushona chombo!

Mwaka 2011 David Raison alishinda mashindano ya kuvuka Atlantiki ya boti za mita 6.5 akiwa na boti yenye omo butu kama sahani. Watu walicheka, kisha wakanakili. Boti bapa za omo butu zilikuwapo kwenye maziwa ya Marekani zaidi ya miaka 100 kabla yake. Na mwaka 2018 pale Lamu mafundi walizindua Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa, ambalo mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar. Mchoro wa babu, malighafi ya jalalani. Niambieni hilo ni la zamani au jipya?

Nendeni mkatazame mashindano ya Lamu. Mashua zile zile za kubeba mchanga zinapakuliwa, zinapakwa mafuta, zinatwikwa tanga kubwa. Mabaharia wanatokeza ubao nje upande wa upepo na kukaa juu yake, wengine wanahamisha mifuko ya mchanga kila chombo kinapogeuka. Kesho yake chombo kinarudi kazini. Mashindano yao hayajaunda chombo kisichoweza kazi. Kanuni ya IOR, pamoja na wahandisi wote wale, ilishindwa hapo.

Ninachodai

Simwambii mtu asinunue boti mpya. Ukitaka kushindana Jumamosi na kurudi nyumbani jioni, nunua Laser, achana na kalafati. Ninachodai ni kwamba usiseme "ya kisasa" wala "ya asili" kabla hujajibu haya: Chombo kitabeba nini? Kitapita wapi maji yakipwa? Kikipinduka, kinarudi au kinazama? Kikivunjika, fundi yuko umbali gani? Na waliokiunda, walikuwa wanampendeza nani: bahari, au mwenye rula? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao nao ukitoboka, shona!

Ndiyo maana nimetengeneza jedwali la pili, na safari hii Mjomba ndiye aliyetaja safu, mimi nikaandika tu. Mashua imeshinda safari za Kiwayu. Boti mpya imeshinda mashindano na matengenezo. Safu moja mashua imeshindwa vibaya: kuelea ikijaa maji. Hapo Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye mwenyewe alipoteza rafiki hivyo, mwaka ambao sikuwahi kuusikia. Tumekubaliana: mapipa ya plastiki yaliyofungwa hewa chini ya makalio ya mbele na nyuma, majaketi ya kuokolea ya watu wote, na sehemu ya farumi itolewe. Gharama ni yangu, iwe faini ya jedwali la kwanza.

Binamu bado hajakubali. Anasema watalii hupiga picha boti nyeupe, na hilo nalo ni la kweli, na mkopo ni wake. Kikao cha familia ni Ijumaa ijayo baada ya swala, na nitasafiri Alhamisi. Mwenye boti ya pezi aliyewahi kupwelewa Mkanda na akatoka mzima, aniambie kabla ya hapo ilikuwaje. Nitampelekea binamu jibu lako hata likiwa dhidi yangu.